Ngozi ya Kombucha Inapoharibika: Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Wakuzaji wa Mtwara na Lindi

Maelekezo mengi ya kukuza ngozi ya kombucha, yaani utando unaoota juu ya chai tamu iliyochachushwa kisha ukakaushwa uwe kama ngozi, yameandikwa na watu wanaoishi penye baridi, ambao taabu yao kubwa ni kuupatia utando joto la kutosha uote. Kwetu Mtwara na Lindi mambo ni kinyume. Huku utando haushindwi kuota. Unashindwa kukauka, na ukishakauka unashindwa kubaki mkavu. Mtu anayefuata maelekezo hayo neno kwa neno hupata utando mbichi wa kupendeza, kisha baada ya mwezi mmoja hukuta pochi aliyoishona inanata mkononi na imeota ukungu kwenye mishono. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kutokana na hitilafu nilizozipata mwenyewe na zile ambazo wakuzaji wenzangu wa Mikindani, Lindi mjini na Newala huniuliza tena na tena. Katika kila dalili nimeanza na sababu inayotokea zaidi, na kipimo kisicho na gharama kimetangulia.

Kabla ya dalili, ni lazima ieleweke tunashughulika na kitu gani. Hii si ngozi ya mnyama, wala haidabaghiwi. Ni selulosi, kitu kilekile kinachounda pamba na karatasi, isipokuwa hii imesokotwa na bakteria. Mkemia wa Uingereza A. J. Brown aliieleza kazi hiyo ya bakteria mwaka 1886, na bakteria mashuhuri zaidi kwa kazi hiyo leo huitwa Komagataeibacter xylinus. Wafilipino huikuza selulosi ya namna hiyo kwenye maji ya nazi na kuila kama kitindamlo, wakiiita nata de coco. Aliyeitangaza kama kitambaa cha mavazi ni mbunifu Suzanne Lee wa Uingereza, kupitia mradi wake wa BioCouture. Jambo la kushika hapa ni moja: selulosi hunywa maji. Nusu ya matatizo yaliyomo humu yanatokana na tabia hiyo.

Hali ya kawaida ikoje

Kwa kila lita ya maji yaliyochemshwa mimi hutumia gramu 90 hivi za sukari nyeupe, vijiko vitatu vidogo vya majani ya chai, na mililita 200 za maji ya mbegu, yaani kombucha iliyokwisha kuwa kali, pamoja na kipande cha utando wa zamani. Mchanganyiko huwekwa katika beseni pana la plastiki kwa kina cha sentimita tano au zaidi, hufunikwa kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa karibu, na huachwa mahali pa kivuli penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Hamira iliyomo huvunja sukari na kutoa pombe kidogo na gesi. Bakteria huigeuza pombe kuwa asidi ya siki, na glukosi huisokota kuwa nyuzi pale juu ambapo maji hukutana na hewa. Kati ya siku ya tatu na ya tano utaona utando mwembamba kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Baada ya wiki tatu hivi unene hufikia sentimita moja. Usishangae ukikauka na kubaki chini ya milimita moja, kwa sababu zaidi ya sehemu tisa katika kumi za utando mbichi ni maji.

Maji yanayobaki chini ya utando uliokuzwa kwa ajili ya ngozi yasinywewe, hata kama yananukia vizuri. Beseni lililokaa wazi kwa wiki tatu kwenye kibaraza si chombo cha kinywaji.

Siku kumi zimepita na juu ya maji hakuna kitu

Sababu ya kwanza, na ndiyo ninayoikuta karibu kila mara, ni mbegu kutiwa kwenye chai ikiwa bado ya moto. Watu hupima joto la sufuria kwa nje, kumbe katikati chai bado inachoma. Chovya kidole kilichooshwa vizuri: usiposikia joto wala baridi, ndipo utie mbegu. Ikiwa una kipimajoto, subiri ishuke chini ya nyuzi 30. Bakteria waliochomwa hawafufuki, hivyo hapa hakuna dawa isipokuwa kuanza upya na mbegu nyingine.

Sababu ya pili ni mbegu dhaifu au chache. Kombucha ya chupa ya dukani ambayo imechemshwa kuua vijidudu haina uhai wa kuotesha kitu, na mbegu iliyokaa kwenye friji kwa muda mrefu huchelewa kuamka. Onja tone moja la mbegu kabla ya kuitumia, mradi imetoka kwenye chupa safi ya kinywaji na si kwenye beseni la kukuzia. Ikiwa ni tamu badala ya kuwa kali kama siki, iache iendelee kukomaa.

Zikiondoka hizo mbili, angalia maji na majani ya chai. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yachemshwe bila kifuniko au yaachwe wazi usiku kucha. Chai yenye viungo haifai, kwa kuwa mafuta ya karafuu, mdalasini na iliki huwazuia bakteria. Tumia majani ya kawaida yasiyo na manukato. Halafu jiulize kama kuna mtu anayelisogeza beseni. Utando mchanga ukitikiswa huzama, na mwingine huanza upya juu yake, kwa hiyo mwenye beseni huona hakuna kinachoota ilhali chini kuna matabaka mawili matatu yaliyokwama. Watoto na kuku ni washukiwa wakubwa.

Baridi ni sababu ya mwisho katika ukanda wa pwani, ingawa kwa wakazi wa uwanda wa Makonde, hasa Newala, usiku wa Julai unaweza kuchelewesha utando kwa wiki nzima. Zungushia beseni blanketi au liweke chumba kinachopakana na jiko. Nimewahi kuona mtu ametumbukiza balbu inayowaka chini ya kitambaa ili kuongeza joto. Usifanye hivyo. Anayetaka kupasha moto kwa umeme karibu na maji amwite fundi umeme mwenye leseni kwanza.

Madoa yenye manyoya juu ya utando

Hapa ndipo watu wanapotupa kisichopaswa kutupwa, na kuacha kinachopaswa kutupwa. Zima taa, washa tochi ya simu na uimulike kwa ubavuni, mwanga upite juu ya utando kama jua la magharibi. Ukungu utauona umesimama: una manyoya, ni mkavu, mara nyingi uko katika duara, na rangi yake ni nyeupe, kijani, bluu au nyeusi. Ukungu hukaa juu ya uso, haukai ndani ya maji. Nyuzi za kahawia zinazoning'inia chini ya utando si ukungu bali ni hamira. Utando mweupe mwembamba uliokunjamana bila manyoya nao si ukungu. Ni hamira mwitu, ambayo haina madhara makubwa ila haisokoti nyuzi, na mbegu yake isitumike tena.

Sababu kuu ya ukungu ni maji kutokuwa na ukali wa kutosha siku ya kwanza. Ukungu hupenda chai tamu, hauipendi siki. Ukiwa na karatasi za kupima pH, yaani kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi, hakikisha mchanganyiko unaanza chini ya 4.5, na mimi hupendelea usogee karibu na 4. Usipokuwa nazo, usipunguze maji ya mbegu chini ya mililita 200 kwa lita, na katika miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ongeza siki nyeupe ya dukani nusu kikombe kwa kila lita tano. Makosa ya kubana mbegu ili itoshe mabeseni mengi ndiyo yaliyonipotezea utando mwingi kuliko kosa jingine lolote.

Sababu inayofuata ni utando wa zamani kuelea huku mgongo wake ukikauka. Ulowanishe kwa maji ya mbegu kwa kijiko kila siku hadi utando mpya uufunike. Ya tatu ni jirani mbaya: beseni lililowekwa karibu na mkate, matunda yaliyoiva, magunia ya korosho au ukuta unaotoa unyevu. Nyumba ambayo viatu vya kabatini huota ukungu wakati wa mvua, beseni nalo litaota. Lihamishie chumba chenye hewa inayopita, lakini si mahali ambapo upepo unapuliza vumbi.

Ukishathibitisha kuwa ni ukungu, usikate kipande kilichoathirika ukaokoa kilichobaki. Mizizi yake imekwisha kupenya, na baadhi ya kuvu wa jamii ya Aspergillus hutengeneza sumukuvu, ileile inayoharibu mahindi na karanga. Funika pua na mdomo, funga utando na kitambaa chake kwenye mfuko, na ufukie vyote au uvichome. Maji yamwagwe chooni. Beseni lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe kwa maji yanayochemka, likaushwe juani siku nzima.

Onyo: dawa ya kusafishia yenye klorini isikutane kamwe na siki wala na maji ya kombucha. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu, na katika chumba kidogo hakuna muda wa kujifikiria. Ukitumia dawa hiyo, suuza kwanza mara tatu kwa maji matupu. Mtu akianza kukohoa mfululizo au kifua kikambana, mtoeni nje penye hewa na mpelekeni hospitali bila kusubiri. Mwenye pumu asiguse kazi ya kusafisha ukungu. Ukungu ukirudi mara tatu mfululizo katika chumba kilekile, acha kukuza humo; badilisha mbegu, vyombo na mahali kwa pamoja, kwa sababu ukibadilisha kimoja kimoja utapoteza msimu.

Inzi, mabuu na sisimizi

Inzi wadogo wa matunda hawazuiwi na chandarua. Matundu yake ni makubwa kwao, na vyandarua vingi vimetiwa dawa ya wadudu ambayo hutaki iangukie kwenye beseni. Tumia kitambaa cha marekani, kifungwe kwa mpira kuzunguka ukingo wote. Ukiona mabuu, tupa. Sisimizi huzuiliwa kwa kusimamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji.

Utando una mashimo, mapovu au unene usiolingana

Mapovu makubwa chini ya utando ni gesi ya hamira iliyonaswa. Yabonyeze kwa upole kwa vidole vilivyooshwa, ukisukumia gesi pembeni, mara moja kila baada ya siku mbili tatu katika wiki ya kwanza. Yakizidi, kuna hamira nyingi mno katika mbegu: hamira hujikusanya chini ya chombo, hivyo unapochota mbegu chota kutoka juu na uache tope la chini. Joto la zaidi ya nyuzi 30 nalo huipendelea hamira kuliko bakteria, na vyumba vyenye paa la bati lisilo na dari hufika huko kirahisi ifikapo saa nane mchana.

Unene usiolingana kwa kawaida ni kosa la meza. Weka chupa ya maji iliyolazwa juu ya meza uone povu lake linaegemea wapi, kisha tia kigingi chini ya mguu uliopungua. Matabaka yanayobanduka kama kurasa yanaonyesha kuwa utando ulitikiswa au uliongezewa chai tamu kwa kumwagia juu. Ukilazimika kuongeza chai, ipitishe taratibu pembeni kwa faneli na mpira mwembamba unaofika chini.

Harufu imebadilika

Harufu ya siki ni afya. Harufu inayofanana na dawa ya kuondolea rangi ya kucha hutokea pombe inapokuwa nyingi na hewa inapokuwa kidogo; punguza kina cha maji au tumia beseni pana zaidi. Harufu ya yai viza au ya nyama iliyooza haina marekebisho.

Madoa meusi na ya kijivu

Karatasi yangu ya nne, kama ninavyouita utando ulioanikwa ukauke, niliianika juu ya ubao niliouokota kwenye ujenzi. Asubuhi yake nilikuta ina alama nyeusi tisa, zimepangwa kwa mistari, kila moja na kivuli cha bluu pembezoni kama wino uliodondokea karatasi yenye unyevu. Nilidhani ni ukungu. Nilipougeuza ubao nikaona vichwa tisa vya misumari. Tanini, yaani ule ukakasi wa majani ya chai, ikikutana na chuma hufanya weusi usiotoka, na hiyo ndiyo njia iliyotumika kwa karne nyingi kutengenezea wino. Doa hilo ni la kudumu kama doa la bibo kwenye shati jeupe.

Kwa hiyo, ukiona weusi bila manyoya, tafuta chuma: misumari, pini, waya wa kuanikia, mkasi uliosahaulika, maji yenye kutu. Suluhisho rahisi ni kuitia karatasi yote weusi kwa makusudi, kwa kuilowesha katika maji yaliyokaa na misumari yenye kutu na siki; weusi wake unatulia vizuri kuliko rangi nyingi za dukani. Wekundu wa kahawia unaoufuata mchoro wa mbao hutoka kwenye mbao yenyewe, na mninga unaongoza kwa tabia hiyo.

Weupe wa unga au vishimo kwenye chombo ni jambo zito zaidi. Asidi hula beseni la bati na sufuria ya alumini, na madini yake huingia kwenye maji. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa visivyojulikana vilikotoka vinaweza kuwa na risasi. Tumia plastiki ya vyakula au kioo, na kilichokuzwa kwenye vyombo hivyo vingine kisivaliwe juu ya ngozi.

Karatasi haikauki, au imekauka kisha inanata

Dada mmoja wa Mikindani alinirudishia pochi niliyomtengenezea akasema, "Kaka, hii ngozi yako inatoka jasho." Alikuwa amesema kweli. Ukiigusa iliacha unyevu kwenye vidole kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hii ndiyo hitilafu ya mkoa wetu, na ina sababu nne zinazofuatana kwa ukubwa.

Kubwa ni sukari iliyobaki ndani. Utando mbichi umejaa maji matamu yenye asidi, na kuuosha kwa dakika tano kwenye karai hakuyaondoi. Loweka kwa maji safi kwa siku tatu, ukibadilisha maji asubuhi na jioni, kisha maji ya mwisho yatie kijiko kikubwa cha magadi soda kwa lita ili kumaliza asidi. Kipimo chake ni rahisi: minya pembe ya utando juu ya sahani, acha matone yakauke. Yakiacha ganda linalonata, rudi kwenye maji.

Ya pili ni gliserini. Maelekezo ya nchi za baridi huagiza gliserini nyingi ili karatasi iwe laini, kwa sababu hewa yao ya ndani ni kavu. Gliserini huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu haina uchoyo wa unyevu. Kipindi cha kusi, yaani miezi ya ukavu, mimi hutia mililita 50 kwa lita ya maji ya kuloweka. Kipindi cha mvua sivuki 20. Karatasi iliyokwisha kuzidishiwa inaokolewa kwa kuilowesha kwenye maji matupu kwa usiku mmoja na kuianika upya.

Ya tatu wengi hawaifikirii, nayo ni chumvi. Visima vingi vya karibu na ufuko vina maji ya chumvichumvi, na anayeosha utando kwa maji hayo huacha chumvi ndani ya nyuzi. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa pekee unyevu huo unapovuka asilimia 75 hivi, ndiyo maana kichupa cha chumvi mezani huloana wakati wa masika. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua.

Ya nne ni hewa yenyewe, na hii haiongopewi. Panga kalenda yako ili mavuno yaangukie kusi, kati ya Juni na Septemba, kwa kuanzisha mabeseni mwezi Mei. Anayelazimika kukausha wakati wa mvua aweke karatasi kati ya vitambaa viwili vya pamba, aipulizie feni, na abadilishe vitambaa vikilowana. Karatasi iliyokaa zaidi ya siku saba ikiwa bado mbichi katikati itaota ukungu. Ikifika siku ya tano bila dalili ya kukauka, irudishe kwenye maji yenye siki badala ya kuilazimisha.

Baadhi ya maabara husafisha utando kwa kuuchemsha katika kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni, kwa kiasi cha gramu 4 hivi kwa lita. Inafanya kazi, na utando hutoka mweupe, lakini siipendekezi kwa kazi ya nyumbani. Anayeamua kuitumia avae glavu na miwani, atie kostiki kwenye maji na si maji kwenye kostiki, na asitumie sufuria ya alumini kwa sababu hutoa gesi inayowaka. Ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika ishirini, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Kwa mtu asiyewahi kuishika, ni heri aifanye chini ya usimamizi wa mtengeneza sabuni mzoefu, au aulize ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wake imwelekeze kwa mtu huyo.

Karatasi inavunjika kama papadi

Mara nyingi imeanikwa kwenye jua kali. Uso hukauka kabla ya tumbo, pembe hujikunja, na ukiinyoosha inapasuka. Anika kivulini juu ya ubao laini, ukiigeuza kila siku, na igandamize kwa mbao nyingine inapobakia unyevu kidogo. Karatasi inayotokana na utando wa chini ya sentimita moja itavunjika hata ukiianika vizuri. Ukishakosea, ilowanishe kwa maji yenye gliserini kidogo, lakini fahamu kuwa selulosi iliyokauka mara moja hairudii unene wake wa mwanzo. Nyuzi zimekwisha kushikana. Nyuzi zilizopasuka haziungiki.

Inavimba na kulegea ikinyeshewa

Hakuna sababu ya kutafuta hapa, kwa kuwa ndiyo tabia ya selulosi. Unachoweza kufanya ni kuichelewesha. Mafuta ya nazi peke yake hayafai, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, maana yake Mtwara hubaki maji karibu mwaka mzima, hutiririka hadi kwenye nguo na baadaye hunuka. Changanya sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu mbili za mafuta ya nazi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo huganda na kubaki. Yeyusha kwa kuweka kopo ndani ya sufuria yenye maji, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, na usimwage maji juu ya nta iliyoshika moto. Moto huo uzime kwa kulifunika kopo kwa mfuniko. Paka ikiwa vuguvugu, juu ya karatasi iliyokauka kabisa. Ukiifunga unyevu ndani, umeujengea ukungu nyumba.

Kuna wanaoshauri mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa yapo tele huku kwetu na yanazuia maji. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono wanajua yanavyochoma. Mafuta hayo huunguza ngozi ya mtu na kuacha vidonda, na mkanda au pochi iliyopakwa hukaa mwilini siku nzima. Usiyatumie. Aliyekwisha kuyagusa na ngozi ikaanza kuwasha au kutoa malengelenge aoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha aende kituo cha afya.

Magome ya mikoko nayo yana tanini nyingi na hutajwa kwa kutia rangi, ila misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria na kubandua magome bila kibali ni kosa. Majani ya chai uliyokwisha kuyachuja yanatosha kwa kahawia, na choya kwa wekundu.

Mshono unachanika

Matundu yakiwa karibu mno, karatasi huchanika kwenye mstari kama stempu. Acha milimita nne au tano kati ya tundu na tundu, toboa kwanza kwa shazia nene badala ya kuisukuma sindano kwa nguvu, na kunja ukingo mara mbili au weka kipande cha kitambaa cha pamba ndani yake. Ikiwa inachanika hata hivyo, vuta kipande kidogo cha pembeni kwa mikono miwili: kikikatika bila kutanuka, karatasi hiyo imeungua juani na haifai kubeba uzito. Ifanye jalada la daftari, na kwa begi subiri utando mwingine.